Kufuta Huja Mwisho

Kompyuta mpya ikishapokea faili, mikono huanza kuwasha. Ile ya zamani imejaa, inajikongoja, na kila kilichomo sasa kinaonekana ni ziada. Hoja ya sura hii ni kwamba ziada hiyo ndiyo kinga. Kupeleka folda kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kawaida ni kunakili: kinachofika ni nakala, na ya awali inabaki ilipokuwa. Kwa wengi hii ndiyo mara ya kwanza kazi zao kuwa mahali pawili. Ukifuta upande wa zamani unarudi kwenye nakala moja, tena ndani ya diski ambayo bado hujaijaribu. Nafasi basi isafishwe baada ya kuhakiki, na baada ya kuweka kando nakala nyingine ya vitu vya thamani.

Mchukue mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, kinachojulikana kwa masomo ya muziki na sanaa. Maazimio ya kazi na maandalio ya somo ya muhula mzima huweza kuwa megabaiti chache tu, ilhali video ya dakika 10 ya mazoezi ya ngoma inaweza kupita gigabaiti moja. Kutupa jicho kwenye majina ya folda hakutoshi. Afungue sifa za folda kwenye kompyuta zote mbili, alinganishe idadi ya faili na ukubwa kwa baiti. Umeme ukikatika au flashi ikichomolewa mapema, pengo litaonekana hapo. Kisha acheze video kadhaa hadi mwisho. Aangalie pia alama zenye mshale mdogo pembeni: hizo ni njia za mkato. Jina ni la video, ukubwa ni kilobaiti moja au mbili, na video yenyewe imebaki kwenye diski ya zamani. Kuna virusi vya flashi vinavyoficha folda halisi na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayenakili hizo hajahamisha kitu.

Wapo watakaosema tahadhari hii imepitwa na wakati, maana faili ziko mtandaoni. Lakini hifadhi nyingi za mtandaoni hufanya kazi kwa kusawazisha: ukifuta faili ndani ya folda iliyosawazishwa, inaondoka kwenye akaunti na kompyuta mpya inafuata. Kwenye kompyuta ya zamani, toka kwanza kwenye akaunti, ndipo ufute. Tena gigabaiti 15 za bure za Google hugawanywa kati ya barua pepe, picha na faili nyingine, na kupandisha video kunakula bando. Wengine watalalamikia bei ya diski ya nje ya kuwekea nakala hiyo ya ziada. Basi nakala ya ziada iwe ya kile tu kisichopatikana tena. Programu na filamu zinazoweza kupakuliwa upya zifutwe hata leo. Mara nyingi hizo ndizo zilizojaza diski.

Namna ya kufuta itategemea kompyuta inakwenda kwa nani. Ukibaki nayo, futa kisha mwaga kapu la taka, kwani kabla ya hapo nafasi hairudi. Ukiiuza, hilo halitoshi. Kwenye diski ya kuzunguka, mfumo huondoa tu jina kwenye orodha, kama kumfuta mwanafunzi kwenye rejista ilhali bado ameketi darasani. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, katika utafiti uliochapishwa 2003, walinunua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwa mwalimu, diski yenye alama na majina ya wanafunzi ina taarifa za watu wengine, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Windows 10 na 11 zina chaguo la kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo na kusafisha diski yote. Huchukua saa kadhaa, na zinafaa kuvumiliwa. Atakayeuliza ni nani atahangaika kufufua faili zake akumbuke kwamba programu za kazi hiyo zinapatikana bure. Zinamwokoa aliyefuta kwa bahati mbaya, na zitamuumbua vilevile aliyeuza bila kusafisha.