Je, Linux inafaa kwa ofisi ya parokia?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Hapa kwetu Likasi, ambako parokia inanunua mashini iliyokwisha kutumika, swali ni zito: tununue nyingine kwa sadaka ya waamini, au tutumie nakala ya wizi? Sisi tunaofundisha amri ya “Usiibe” hatuwezi kuchagua njia hiyo ya pili.

Kuna njia ya tatu. Linux ni mfumo unaoongoza kompyuta, kama Windows. Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Matoleo yake kama Ubuntu na Linux Mint hutolewa bure, na sheria inaruhusu kuyanakili na kumpa jirani. Mint inaomba kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, ingawa 4 ni afadhali.

Je, kazi zetu zitaendelea? Barua, ripoti na hesabu za sadaka tunaziandika kwa LibreOffice, inayofungua pia faili za Word na Excel, ijapokuwa mpangilio wa ukurasa huweza kusogea kidogo. Vitufe na maelezo yote yanapatikana kwa Kifaransa. Kwa kuonyesha nyimbo na mistari ya Biblia ukutani, kuna OpenLP, nayo ni bure.

Magumu yapo. EasyWorship imetengenezwa kwa Windows, na ndivyo zilivyo programu kadhaa za uhasibu. Printa nyingine zinakataa. Kupakua Mint kunakula karibu gigabaiti 3 za intaneti; basi parokia moja ipakue, nyingine zinakili kwa flashi.

Tunashauri hivi. Kwanza, nakilini orodha za ubatizo na ndoa kwenye diski ya nje. Pili, washeni Linux kutoka kwenye flashi bila kuiingiza katika mashini, mjaribu printa, projekta na intaneti. Vikikubali vyote, ingizeni. Ofisi inayotegemea programu ya Windows pekee isiharakishe. Lakini kwa katibu anayeandika, anayehesabu na kutuma barua, Linux inatosha, na kompyuta ile ya zamani itamtumikia miaka mingine.