Kibodi kwanza, diski baadaye

Wauzaji wa kompyuta za okazioni hapa Lubumbashi husifu ukubwa wa diski. Dada yangu aliponiomba nimchagulie mwanawe wa miaka kumi mashine ya bei nafuu, nilianza na kibodi.

Mashine iliyotengenezewa soko la Uingereza au Marekani huwa na QWERTY. Ya Ufaransa au Ubelgiji huwa na AZERTY, yenye vitufe vya é, è, ç, à na ù. Mtoto wetu anasoma kwa Kifaransa, na humo "ou" ni "au", "où" ni "wapi": alama moja inatenganisha maneno mawili. Unaweza kubadilisha mpangilio kwa programu, lakini herufi zilizochapwa juu ya vitufe hubaki zilezile, na mtoto huandika akizitazama. (Kwa ɛ na ɔ za Kilingala, kibodi zote mbili zinatunyima sawasawa.)

Kisha betri, maana umeme wetu tunaujua. Mbele ya muuzaji, chomoa waya, chezesha video nusu saa, uangalie asilimia inavyoshuka. Memori isipungue gigabaiti 4. 8 ni bora. Diski ya SSD ya gigabaiti 128 inamfaa mtoto kuliko diski kubwa ya kuzunguka, ambayo huharibika upesi ikiangushwa.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokubali Windows 11, dai ipunguzwe bei, halafu iwekee Linux, ambayo hailipiwi.