KUBUNI BIDHAA VYUONI (2): Chombo na Kikataliwe Kingali Boksi

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliwafuata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao mwaka 2007 walipewa kazi ya kutafuta namna nafuu ya kuwatunza watoto njiti nchini Nepal. Tuliona walivyokuta mashine za hospitali zimekaa bure, huku watoto wengi wakizaliwa na kufariki vijijini, mbali na daktari na mbali na umeme. Swali lao likabadilika. Badala ya kuuliza mashine ipunguzweje bei, wakauliza mama wa kijijini atampaje mwanawe joto palepale alipo. Jibu likawa mfuko wa kumlaza mtoto, wenye pakiti ya kitu mfano wa nta inayotunza joto kwa saa kadhaa bila umeme.

Leo tunapiga hatua ya pili. Swali umeshalipata, wazo unalo. Utajuaje kama wazo lako linafaa kabla hujamaliza fedha na muda? Hapa ndipo kozi ya kubuni bidhaa inapotengana na masomo mengine ya uhandisi mitambo, na naamini hapa ndipo vyuo vyetu vina la kujifunza.

Nianze na kisa changu mwenyewe, kwa kuwa kilinifunza zaidi ya vitabu. Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa masomo, niliamua kutengeneza mashine ya kukuna nazi. Nilikuwa na shangazi Tanga aliyekuwa akipika wali wa nazi na kuuza, na kila alfajiri alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi hadi mgongo ukamuuma. Nilifanya hesabu za mwendo wa mota, nikachonga kichwa cha chuma chenye meno, nikafunga beringi, nikapaka rangi. Kazi ilichukua karibu miezi mitatu. Nikaipakia kwenye basi, nikaenda nayo.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo?”

Akachukua kizio cha nazi, akakisukuma kwenye meno. Kwa sekunde chache kilikuwa kimekwisha. Nikatabasamu. Kisha akatia maji, akakamua, akachuja, akaniinulia bakuli. Kasimile ilikuwa na rangi ya udongo. Mashine ilikuwa imekuna nyama ya nazi, ikakuna na ganda la kahawia lililo nyuma yake, maana haikujua pa kuishia.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye mbuzi yake akaniambia nitazame mkono. Kiganja kilizungusha kizio nusu duara, kikabonyeza, kikalegea, kikazungusha tena. Kila ulimi wa chuma ulipokaribia ganda, kiganja kilikwishalegea kabla ya jicho kuona kitu. Nazi ilishuka kwenye sinia nyeupe tupu. “Mwanangu,” akasema, “mashine yako ina nguvu, ila haina mkono.” Kisha akauliza ataioshaje, kwa kuwa nazi ilikuwa imejipenyeza hadi karibu na mota, na mpaka jioni ingechacha na kunuka.

Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Mota haikuzidiwa, beringi hazikupata moto, mhimili haukupinda. Ila nilikuwa nimejibu swali la nguvu, wakati kazi yenyewe ilikuwa ya hisia za kiganja na ya usafi wa chombo. Lililoniuma zaidi ni kwamba maneno yale ningeweza kuyasikia wiki ya kwanza. Ningekwenda na kipande cha mti kilichochongwa meno na mpini wa kuzungusha kwa mkono, shangazi angenionyesha tatizo lilelile kwa gharama ya nauli tu.

Kozi ninayotaka kuieleza imejengwa juu ya kuzuia kosa hilo. Ni kozi ya Idara ya Uhandisi Mitambo ya Massachusetts Institute of Technology, chuo maarufu kwa kifupi chake cha MIT. Inajulikana kwa namba yake, 2.009, ambapo tarakimu ya mbele ni namba ya idara. Huchukuliwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika muhula unaoanza Septemba. Wanafunzi hao hugawanywa katika timu kubwa zinazoitwa kwa majina ya rangi, kila timu ikiwa na bajeti yake na nafasi yake karakanani. Desemba, kila timu hupanda jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa watu na kuonyesha bidhaa inayofanya kazi.

Onyesho hilo ndilo linalovuma, lakini uti wa mgongo wa kozi ni vituo vilivyo kabla yake. Kwanza timu huleta mawazo kadhaa, si moja. Kituo kinachofuata ni cha mifano ya haraka, inayotengenezwa kwa boksi, sponji, mbao laini, gundi na chochote kilichopo mezani. Kisha huja mifano mikubwa zaidi, halafu ukaguzi wa kiufundi, na mwisho bidhaa yenyewe. Katika kila kituo mawazo mengine hufa, na kufa kwao hakuhesabiwi kuwa aibu.

Msomaji ataona ni kama mchezo wa watoto: mhandisi wa mwaka wa mwisho anakata boksi kwa mkasi? Sababu zake ni mbili.

Ya kwanza ni gharama ya kubadili nia. Mstari kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio. Kipande cha boksi hutupwa na kukatwa kingine. Lakini ukishachonga kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki, kuhamisha tundu moja kwa milimita chache huweza kudai kalibu nyingine, na kalibu moja hugharimu maelfu ya dola. Kosa ni lilelile tangu mwanzo, kinachopanda ni bei ya kulisahihisha.

Ya pili ni kwamba kila mfano unapaswa kuuliza swali moja tu. Upo mfano wa umbo, usiofanya kazi yoyote, wa kuuliza kama kitu kinashikika, kinabebeka, kinapita mlangoni. Upo mfano wa kazi, wenye sura mbaya na nyaya nje, wa kuuliza kama mtambo wenyewe unawezekana. Mwanafunzi akitaka kujibu yote mawili kwa mpigo, hutumia miezi kutengeneza kitu kimoja kizuri, na kikikataliwa hajui kimekataliwa kwa lipi. Tena watu huona haya kukosoa kitu kilichopakwa rangi kikang'aa. Ukimletea mtu boksi, ataligeuza, atalikunja, na atakwambia ukweli.

Ushahidi wa haya haupo mbali nasi. Mwaka 2005 Amos Winter, wakati huo mwanafunzi wa uzamili MIT, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti vya magurudumu, ambavyo siku hizi wengi tunaviita viti mwendo. Alichokikuta kila aliyeishi kijijini anakijua. Kiti cha kawaida kimeundwa kwa sakafu ya hospitali. Kwenye mchanga, matope na njia ya mawe, anayekitumia hana budi kusukumwa, au abaki nyumbani. Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono hufika mbali barabarani, lakini ni ndefu na nzito, haiingii ndani.

Winter na wenzake walitafuta chombo kimoja kinachoweza yote mawili, kwa sharti kwamba sehemu zinazosogea ziwe za baiskeli, ili kikiharibika kitengenezwe na fundi baiskeli wa kijiji chochote. Walichobuni ni kiti chenye nyenzo mbili, moja kila upande. Ukisukuma wenzo mbele, mnyororo wa baiskeli huzungusha gurudumu. Ukiuvuta nyuma hadi mwisho, unafunga breki.

Uzuri wake upo mahali mkono unaposhika. Tuseme unasukuma kwa nguvu ya nyutoni 100. Ukishika wenzo juu, sentimita 80 kutoka kwenye egemeo, nguvu ya kuzungusha ni nyutoni-mita 80. Ukishika chini, sentimita 40, ni nyutoni-mita 40, lakini kwa urefu uleule wa kusukuma mkono, wenzo huzunguka takriban mara mbili zaidi. Hivyo kwenye matope unapandisha mikono upate nguvu, kwenye lami unaishusha upate kasi. Gia zimehamia kwenye mikono ya mwendeshaji, na hakuna kifaa cha kubadilishia gia cha kununua wala cha kuharibika. Akifika nyumbani huchomoa nyenzo, akaendesha kama kiti cha kawaida.

Kwenye karatasi na karakanani, chombo kilikuwa tayari. Mwaka 2009 kikajaribiwa hapa Afrika Mashariki na watu wanaotumia viti mwendo kila siku. Nje kilienda vizuri. Ndani ya nyumba kikakwama: kilikuwa kipana mno na kizito mno. Waliozoea kupita milango ya nyumba zao kwa kiti chembamba hawakuwa tayari kubadilisha uhuru wa nyumbani kwa uhuru wa barabarani. Watu waliotegemea chombo hicho kwa maisha yao walikuwa wamewaambia wahandisi wa chuo kikubwa kwamba kazi haijaisha.

Nawaheshimu wabunifu hawa kwa walichokifanya baadaye. Hawakuandika ripoti kwamba wananchi wanahitaji kuelimishwa. Walirudi karakanani, wakapunguza upana na uzito, wakakijaribu upya Guatemala mwaka 2010, kisha India. Kiti kilichotoka huko ni kingine, na ukikitazama vizuri utaona sehemu ya vipimo vyake imewekwa na milango ya nyumba za Afrika Mashariki.

Tugeuke sasa kwetu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha mwaka 1973, mwaka uleule lilipoanzishwa shirika la SIDO la kuhudumia viwanda vidogo. Hatukosi wahandisi wala karakana. Wala hatukosi mafundi: kuanzia Arusha hadi Kamukunji jijini Nairobi, wapo watu wanaokunja bati na kuchomelea vyuma kwa ustadi ambao wengi wetu wenye shahada hatuna. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha aliyebuni chaja ya simu inayoendeshwa kwa kukanyaga pedali, alikaa meza moja na wanafunzi na walimu wa MIT katika warsha zao za ubunifu, na hakukaa pale kama mgeni wa kutazama.

Tunachokosa ni nafasi ya kukataliwa mapema. Katika miaka yangu ya kufundisha na kusahihisha miradi ya mwaka wa mwisho, mpangilio nilioukuta mara nyingi ni huu: muhula wa kwanza mwanafunzi anaandika pendekezo, muhula wa pili anatengeneza kitu kimoja, wiki ya mwisho anakitetea mbele ya walimu watatu. Mkulima, mama ntilie au mvuvi aliyetajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti hajawahi kukigusa. Alama hutolewa kwa hesabu na kwa majalada mazuri. Nami nimezitoa hivyo hivyo, tena kwa miaka mingi, ilhali bakuli la shangazi nilikuwa nalikumbuka.

Kubadilisha hili hakuhitaji msaada wa fedha kutoka nje. Kunahitaji ratiba. Wiki ya tatu ya mradi, mwanafunzi alete mifano mitatu ya boksi na miti, yenye gharama isiyozidi ya chakula cha siku moja. Wiki ya tano aipeleke kwa watu watakaokitumia chombo, akae kimya, aandike wanachokifanya nayo na wanachokisema. Sehemu ya alama itokane na daftari hilo: nini kilikataliwa, na nani, kwa neno gani, na mwanafunzi akabadilisha nini. Atakayeleta daftari lisilo na hata kukataliwa kumoja arudishwe kijijini, kwa kuwa bado hajauliza.

Wiki ijayo tutaendelea na hatua inayowashinda wengi: mfano umekubalika, mtumiaji ameridhika, sasa utatengenezaje elfu moja vya aina hiyo kwa bei anayoimudu? Tutaingia kwenye gharama za malighafi, kalibu na vipimo vya viwango. Kwa sasa, mwanafunzi uliyeanza mradi wako, acha kwanza kupaka rangi. Chukua mkasi na boksi, uende kwa unayemtengenezea.

*Itaendelea.*