Koliflawa badala ya viazi vya kuoka

Kila Ramadhani ikikaribia, wagonjwa wa kisukari huuliza kliniki watafuturu kwa nini wakiambiwa wapunguze viazi. Leo tutazame koliflawa.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaoamini kuwa mwenye kisukari hatakiwi kula chochote kinachoota chini ya ardhi. Si hivyo. Karoti na figili huota ardhini na wanga wake ni mdogo, ilhali ndizi za kupika huning'inia juu na zimejaa wanga. Kinachotazamwa ni wanga, kwa sababu ndio unaogeuka sukari na kuingia kwenye damu. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina wanga wa gramu 20 hivi. Koliflawa ya uzito huo ina gramu 5 tu, na karibu 2 kati ya hizo ni nyuzinyuzi.

Chagua iliyo nyeupe na ngumu. Hata zile zitokazo Lushoto huwahi kunyauka kwa joto la pwani. Ikate vipande vya ukubwa wa kiazi kidogo, kila kimoja kibaki na kikonyo. Loweka kwenye maji ya chumvi dakika 10 hadi 15 ili wadudu waliojificha watoke, suuza kwa maji safi, kisha ikaushe kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi huharibu. Koliflawa ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukiiacha na maji ya kuoshea itachemka badala ya kuokeka, na mzee wa nyumba atasema amepewa chakula cha hospitali.

Changanya na vijiko 2 vya mafuta, kitunguu saumu kilichotwangwa, bizari, pilipili manga na chumvi kidogo. Panga kwenye sinia bila kurundika. Kwenye oveni, nyuzi 220 kwa dakika 25 hadi 30, ukigeuza mara moja. Asiye na oveni apalie makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Ikipata rangi ya hudhurungi pembeni, epua, kamulia ndimu. Ladha si ya kiazi, tusidanganyane, lakini kwa samaki wa kupaka inaliwa vizuri sana. Ukiila pamoja na sahani ya wali hujapunguza kitu.

Sasa sikilizeni kwa makini, hasa wanaotumia insulini au glibenclamide. Dawa hizo zilipimwa kwa chakula ulichokuwa ukila. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ileile, sukari yaweza kushuka mno. Usijipunguzie dawa mwenyewe. Nenda kliniki kabla ya kubadili mlo. Ukitoka jasho, ukitetemeka, moyo ukienda mbio au ukichanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Kama umefunga, fungua hapohapo, hata ikiwa Magharibi imebaki nusu saa. Mgonjwa amepewa ruhusa.

Watoto na wasio na kisukari waachieni viazi vyao. Koliflawa iliyobaki iwekwe kwenye jokofu ndani ya saa 2. Asiye na jokofu apike ya futari tu, asiiweke hadi daku.