Humo Humo Chomboni: Istilahi ya Kuchungua Mmenyuko

Katika kemia, mmenyuko ni badiliko ambalo kwalo vitu hugeuka vikawa vitu vingine. Kichocheo ni kile kinachouharakisha mmenyuko bila chenyewe kumalizika. Istilahi hii imetokana na kitenzi kuchochea, na asili hiyo yafaa sana, maana mwenye kuchochea moto haungui pamoja na kuni.

Mfano mwema hupatikana Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru, penye desturi ya kutengeneza togwa. Uji wa mahindi au mtama hupikwa, ukaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha hutiwa kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Baada ya muda uji mzito huwa mwepesi, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea, navyo ni vichocheo, huukata wanga ukawa sukari. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka, vimeng'enya huharibika na kazi yake hupotea. Ukali wa togwa huja kwa njia nyingine: bakteria huigeuza sukari kuwa asidi. Mwaka 2003 J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopo Morogoro, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa vijidudu hivyo na wa mabadiliko ya togwa inapochacha.

Njia ya kawaida ya kufuatia mabadiliko ya namna hii ni kuchota sampuli kila baada ya saa kadhaa na kuipima. Njia hiyo ina manufaa, lakini ina kasoro moja kubwa. Kilichochotwa hupoa, hukutana na hewa, na tena huendelea kubadilika ndani ya kikombe cha mpimaji. Vitu vya katikati, vinavyozaliwa na kutoweka upesi, huenda visionekane kabisa.

Spektroskopia huiondoa kasoro hiyo kwa kuupeleka mwanga kwenye mmenyuko, badala ya kuutoa mmenyuko nje. Kila molekuli hutikisika kwa namna yake, hata mwanga unaopita au kutawanyika ndani yake huwa na alama ya kuitambulisha. Mionzi ya infraredi husaidia sana, lakini maji huimeza kwa wingi. Njia iliyogunduliwa na C. V. Raman nchini India mwaka 1928 husumbuliwa na maji kidogo tu, na mwanga wake waweza kupita katika ukuta wa kioo. Hata hivyo haikosi mipaka, kwani baadhi ya nafaka hung'aa zenyewe zimulikwapo, na mng'ao huo waweza kuifunika alama inayotafutwa.

Uchunguzi huu wataalamu huuita kwa Kilatini in situ, yaani mahali pake. Wepesi wa kwanza ni kuuita "uchunguzi wa papo hapo". Lakini papo hapo, ijapokuwa asili yake ni mahali, katika matumizi imekuwa habari ya wakati: msikilizaji atadhani kwamba majibu hupatikana mara moja. Togwa yaweza kuchunguzwa usiku kucha, na uchunguzi ukawa bado ni in situ. "Mahali pake" haina kosa hilo, ila haielezi kwamba kitu kimo ndani.

Kiswahili kina ngeli tatu za mahali, na ya ndani ni mu-. Kwa hiyo "uchunguzi wa humo humo" waeleza sawasawa kuwa mmenyuko haukutolewa chomboni mwake. Na pale ambapo utendaji wa kichocheo hupimwa wakati ule ule alama zake zinaposomwa, jambo ambalo tangu miaka ya 2000 huitwa operando, yafaa kusema "uchunguzi wa kazini".

Tofauti hizi si za mapambo. Mwanafunzi aliyefundishwa "papo hapo" atatafuta haraka. Aliyefundishwa "humo humo" atajua kwamba chombo hakifunguliwi.