Manuali au otomatiki? Mambo ya kupima kabla ya kununua gari la kila siku

KABLA ya kuuliza rangi ya gari au ukubwa wa injini, mnunuzi humu nchini huwa na swali moja la kujibu: je, atabadilisha gia kwa mkono wake mwenyewe au ataiachia mashine kazi hiyo?

Jibu lake huamua mengi. Huamua aina ya leseni anayohitaji, fundi atakayemwendea gari likiharibika, pesa atakazotoa mfukoni miaka kadhaa baadaye na, katika miteremko ya Bonde la Ufa, iwapo atafika chini salama.

Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa. Magari mengi yalikuwa ya manuali, na kila aliyejifunza udereva alianza kwa kuizoea klachi. Siku hizi hali ni tofauti. Magari mengi madogo yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa yametumika kwanza nchini Japan, ambako gia za otomatiki ndizo za kawaida. Kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, mnunuzi anayetaka gari dogo la manuali hulazimika kulitafuta kwa bidii.

Hata hivyo, wingi wa magari ya aina moja sokoni si ushahidi kwamba yanamfaa kila mtu.

Kazi ya gia

Injini hutoa nguvu zake vyema inapozunguka kwa kasi ya kiasi fulani. Ikizunguka polepole mno, huzima; ikizunguka kwa kasi kupita kiasi, huharibika. Gia ndizo zinazopatanisha mzunguko wa injini na ule wa magurudumu. Gia ya kwanza hulipa gari nguvu nyingi na mwendo mdogo, ilhali ya tano hulipa mwendo mkubwa na nguvu kidogo.

Katika gari la manuali, dereva hukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto ili kutenganisha injini na giaboksi, akachagua gia kwa mkono wa kushoto, kisha akaachilia klachi taratibu.

Otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, iliyotangazwa mwaka wa 1939 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya 1940. Katika otomatiki nyingi za kawaida zilizofuata, klachi ya mguu haipo. Badala yake kuna chombo kilichojaa oili, chenye mapanga ya feni mbili zinazotazamana. Feni moja huzungushwa na injini, na oili inayorushwa nayo huizungusha ile ya pili, inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Ndiyo sababu gari la aina hii laweza kusimama likiwa limeshikwa kwa breki bila injini kuzima.

Aina nyingine ni CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Ukanda huzunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana, na hivyo kubadilisha mwendo bila mshtuko. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitambulisha gari lenye mtambo wa jinsi hiyo mwaka wa 1958, ukitumia ukanda wa mpira. Leo magari mengi madogo kutoka Japan hutumia CVT yenye ukanda wa chuma.

Ipo pia giaboksi ya klachi mbili, ambayo Volkswagen iliingiza katika gari la Golf R32 mwaka wa 2003. Klachi moja hushika gia za witiri na nyingine za shufwa, na kompyuta huziongoza zote mbili.

Foleni za mjini

Mathalan, karani anayeishi Ongata Rongai na kufanya kazi katikati ya jiji la Nairobi hutumia sehemu kubwa ya safari yake akisonga hatua chache na kusimama tena. Akiwa na manuali, hukanyaga na kuachilia klachi mara nyingi mno kabla ya kufika kazini. Goti huuma, na klachi yenyewe huisha polepole.

Kinachoimaliza zaidi si wingi wa magari bali mazoea mabaya. Madereva wengi hulizuia gari mlimani kwa kuachilia klachi nusu huku wakikanyaga mafuta, badala ya kuvuta breki ya mkono. Pleti ya klachi husuguana bila kushika, ikapata joto, na harufu ya kuungua ikajaa ndani ya gari. Wengine hupumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, jambo linaloichakaza beringi ya klachi.

Katika foleni, basi, otomatiki humpa dereva nafuu isiyo na ubishi. Mguu wa kulia pekee hufanya kazi, na mikono yote miwili hubaki kwenye usukani.

Nafuu hiyo nayo ina masharti. Otomatiki ya kawaida ikiwa kwenye D hutambaa yenyewe mara tu breki inapoachiliwa, na dereva aliyezubaa hujikuta amemgonga wa mbele. Aidha, aliyetoka kwenye manuali yumo hatarini zaidi siku za kwanza. Mguu wake wa kushoto hutafuta klachi isiyokuwepo, ukaangukia breki kwa nguvu zote, na gari likasimama ghafla mbele ya matatu. Dawa ni kuuweka mguu huo pembeni kabisa na kuutumia wa kulia peke yake kwa breki na mafuta.

Mteremko haujali aina ya gia

Jambo linalogusa uhai ni namna dereva anavyoteremka. Barabara ya kutoka Limuru hadi Mai Mahiu hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na gari huvutwa na uzito wake kwa kilomita kadhaa. Dereva anayetegemea breki za mguu pekee huzipasha joto hadi zikapoteza uwezo wa kushika. Oili ya breki yaweza hata kuchemka, na pedali ikazama bila gari kupunguza mwendo.

Kinga yake ni kuiachia injini kazi ya kulizuia gari. Kwenye manuali, dereva huingiza gia ya tatu au ya pili kabla ya kuanza kushuka. Kanuni ambayo madereva wakongwe huwafunza vijana ni kwamba mlima huteremkwa kwa gia ile ile ambayo ungepandiwa.

Wenye otomatiki wengi hawajui kwamba uwezo huo wanao pia. Herufi na tarakimu zilizo chini ya D, kama vile L, 2, S au B, hazikuwekwa kuwa mapambo. Hulilazimisha gari kubaki katika gia ya chini ili injini ilizuie. Dereva anayeshuka Mai Mahiu kwenye D mwanzo hadi mwisho, huku mguu ukiwa juu ya breki, anaichosha sehemu anayoihitaji zaidi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuliachilia gari bila gia kwa nia ya kuokoa mafuta. Tabia hiyo imelaumiwa kwa miaka mingi kuhusu ajali za malori katika eneo la Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Isitoshe, akiba inayotafutwa haipo. Injini za kisasa hukata mafuta gari linapoteremka likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye pedali. Likiwa bila gia, injini hulazimika kuendelea kunywa mafuta ili isizime. Dereva huyo anahatarisha maisha yake na ya wenzake, na bado anachoma petroli.

Mafuta na karakana

Imani kwamba otomatiki hula mafuta zaidi ilikuwa na msingi wake. Otomatiki za zamani zilikuwa na gia tatu au nne tu, na sehemu ya nguvu ilipotelea ndani ya oili. Siku hizi mitambo mingi hujifunga gari linaposhika mwendo ili nguvu isipotee, gia zimeongezwa, na CVT huiweka injini katika mzunguko unaofaa. Pengo limepungua sana, na kwa baadhi ya magari otomatiki ndiyo inayotumia kidogo. Dereva anayekanyaga mafuta kwa pupa na kufunga breki kwa pupa atalipa zaidi kwa gari lolote lile.

Tofauti kubwa hujitokeza karakana. Klachi ya manuali huisha, lakini kuibadilisha ni kazi inayofahamika na mafundi wengi wa jua kali, na vipuri vyake hupatikana hata katika miji midogo. Otomatiki inapoharibika ndani, mafundi wanaoweza kuifungua na kuirekebisha ni wachache. Mara nyingi mwenye gari hushauriwa kununua giaboksi nzima iliyotumika, ambayo hali yake ya ndani hakuna anayeijua.

Kinachoua otomatiki nyingi ni oili. Baadhi ya wenye magari hubadilisha oili ya injini kwa uaminifu lakini hawaigusi ya giaboksi hata siku moja. Wengine hutiliwa isiyostahili. CVT huhitaji oili yake maalumu, na kuitilia ile ya otomatiki ya kawaida kunaweza kuiharibu. Mwenye gari anapaswa kusoma kitabu cha gari au kibandiko kilichomo, kisha asimame karibu fundi anapofungua mtungi.

Betri ikifa, gari la manuali laweza kusukumwa na vijana wawili watatu, klachi ikaachiliwa, na injini ikawaka. Otomatiki ya kisasa haiwaki kwa kusukumwa. Huhitaji nyaya za kuazima umeme kutoka gari jingine. Vilevile, otomatiki haifai kuvutwa kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu sehemu za giaboksi huzunguka bila kupata oili. Njia salama ni kulipakia gari lote juu ya lori la kubebea magari.

Leseni na riziki

Kwa vijana, uamuzi huu huanza hata kabla ya kununua gari. Katika mfumo wa leseni wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), lipo daraja la magari madogo ya otomatiki. Aliyefuzu humo hana ruhusa ya kuendesha manuali, ilhali anayefuzu kwa manuali huruhusiwa kuendesha otomatiki pia.

Anayetafuta leseni ili ajiendeshee gari lake kwenda kazini hatapungukiwa. Lakini kijana anayetarajia kupata riziki kwa usukani anajifungia mlango. Matatu nyingi, pikapu za mizigo na malori yanayotumika humu nchini bado ni ya manuali. Karo ya mafunzo ya manuali ni gharama ndogo ikilinganishwa na kazi atakayoikosa.

Kwa upande mwingine, otomatiki imewafungulia njia watu ambao manuali iliwafungia. Mtu mwenye ulemavu wa mguu wa kushoto anaweza kuliendesha bila kubadilisha chochote, na wazee ambao magoti yao yamechoka huendelea kujitegemea kwa miaka zaidi.

Kabla ya kutoa pesa

Anayenunua otomatiki iliyotumika anafaa kuikagua injini ikiwa baridi, kisha tena baada ya mwendo wa nusu saa, kwani kasoro nyingine hujificha hadi oili ipate joto. Gari likishtuka au kugonga linapotolewa P kwenda D au R, au injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, kuna tatizo. Oili ya otomatiki ya kawaida, ambayo mara nyingi huwa nyekundu ikiwa mpya, ikigeuka kahawia iliyokolea na kunuka kuungua, mnunuzi aondoke.

Kwa manuali, jaribio ni rahisi. Dereva huingiza gia ya juu gari likiwa katika mwendo wa wastani na kukanyaga mafuta. Mzunguko wa injini ukipanda bila kasi ya gari kuongezeka, klachi inateleza. Gia inayokwaruza au kuchomoka yenyewe ni dalili kwamba giaboksi imechakaa.

Akishalinunua, mwenye otomatiki akumbuke kwamba P huzuia gari kwa kijino kimoja cha chuma. Anapoegesha kwenye mteremko, avute kwanza breki ya mkono ilibebe gari, ndipo aingize P.

Lipi basi limfae nani? Anayeshinda katika foleni za Nairobi au Mombasa, mwenye fundi anayemwamini na aliye tayari kununua oili sahihi kwa wakati, hatajuta kuchagua otomatiki. Anayeishi mbali na mafundi wa otomatiki, anayebeba mizigo mizito katika barabara mbovu au anayetafuta ajira ya udereva, bado atahudumiwa vyema na manuali.

Magari ya umeme, ambayo mengi yana gia moja tu, huenda yakaufuta mjadala huu siku zijazo. Hadi wakati huo, mnunuzi afanye hesabu ya barabara anazopita kila siku na ya fundi aliye karibu naye. Na kwa aina yoyote atakayoichukua, ajifunze kushuka mlima kwa gia kabla ya kuwapakia watoto wake.