Korongo la Ol Njorowa: Mahali Pakavu Palipochongwa na Maji

Wakazi wengi wa Nairobi wamesikia habari za Lango la Jehanamu, lakini si wote wajuao kwamba mahali hapo pa ajabu pako umbali wa kilometa 90 hivi tu kutoka mjini, hata mtu aweza kuondoka alfajiri na kurudi nyumbani jioni ile ile. Kwa ajili yao, na hasa kwa walimu na viongozi wa vijana wapendao kuwatembeza watoto, yafaa tueleze uzuri wa mahali hapo, historia yake, na pia hatari yake.

Magari ya abiria yaendayo Naivasha hupakia Nyamakima, katikati ya mji. Hupita Westlands, Kangemi na Uthiru, kisha hupanda mpaka nchi ya baridi ya Limuru, penye mashamba ya chai. Kuanzia huko njia ni mbili. Ya juu hufuata ukingo wa Bonde la Ufa. Ya chini hushuka mteremko mkali mpaka Mai Mahiu, na kando yake lipo kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Ashukaye huko huiona nchi ikigeuka mbele ya macho yake: majani mabichi hubaki nyuma, hewa huwa ya joto na vumbi, na miti huwa migunga na mileleshwa.

Kutoka Naivasha msafiri hufuata barabara ya kusini mwa ziwa, kisha hukata kushoto kuelekea lango la hifadhi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1984, nayo ina eneo la kilometa za mraba 68 hivi. Jambo liifanyalo ipendwe sana ni kwamba mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama, jambo lisiloruhusiwa katika hifadhi nyingi. Pundamilia, twiga, kongoni, swala na ngiri hula majani kando ya njia bila kujali sana. Nyati nao wapo, na mwenye busara hukaa mbali nao. Mbuzi mawe huruka juu ya majabali, na katika kuta ndefu za mawe mekundu tumbusi na mbayuwayu wamejenga viota vyao.

Karibu na lango umesimama mnara wa jiwe wenye urefu wa meta 25 hivi, uitwao kwa jina la Gustav Fischer, msafiri wa Kijerumani aliyefika nchi hiyo mwaka 1883. Wataalamu husema kwamba jiwe hilo ni mabaki ya moto wa ardhi uliopoa na kuganda ndani ya tundu lake. Lakini yako masimulizi ya Wamasai yasemayo kwamba ni msichana aliyekuwa akienda kuolewa, akageuka nyuma kutazama kwao kwa mara ya mwisho, akawa jiwe. Msomaji achague lipi limpendezalo.

Ndani zaidi ndiko liliko korongo lenyewe, ambalo Wamasai huliita Ol Njorowa. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Maji yake yalipojaa yalifurika kuelekea kusini, yakalikata jivu la volkano lililogandamana, yakaacha njia nyembamba yenye kuta ndefu, na mahali pengine mtu hugusa pande zote mbili kwa mikono yake. Humo hutoka chemchemi za maji ya moto, na joto hilo hilo la ardhini ndilo liendeshalo mitambo ya umeme ya Olkaria, ambayo ilianza kazi mwaka 1981. Katika sehemu hizo hupatikana pia jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Watu wa kale walilichonga kuwa visu na ncha za mikuki, na vipande vya jiwe la Naivasha vimechimbuliwa hata katika kilima cha Lukenya, upande wa Mto Athi.

Sasa twafika kwenye neno lililo kubwa kuliko yote. Maji yaliyochonga korongo hilo hayajaacha kulipita. Mvua inaponyesha juu milimani, mbali na macho ya mtembezi, maji hukusanyika na kuingia korongoni kwa ghafula, na hali yeye aliye chini angali anaona mchanga mkavu na anga jeupe. Kuta ni ndefu na laini, wala hakuna pa kushika. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na maji humo wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 watu saba wengine walipotea kwa njia hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mwongoza wageni, mtu aliyelijua korongo vizuri. Baada ya msiba huo korongo lilifungwa kwa muda.

Kwa hiyo kiongozi wa safari na aulize kwanza habari za mvua, si ya pale langoni tu, bali ya milima iliyo kando. Kama wingu limetanda upande wowote, watu wabaki juu, ambako wanyama, ndege na mnara wa Fischer vyatosha kabisa kuipamba siku. Askari wa hifadhi wakisema korongo limefungwa, asitokee mtu wa kubishana nao kwa sababu ametoka mbali au amekwisha kulipa nauli. Na walio ndani wakiambiwa wapande juu, wapande mara moja, bila kungoja kupiga picha.

Korongo limekaa hapo maelfu ya miaka, nalo litakuwapo hata wiki ijayo. Hasara ya kurudi nyumbani bila kuliona ni ndogo, na nauli ya safari ya pili hutafutwa ikapatikana.